Nilichanja na bado nikaumwa, sa chanjo ilikuwa ya nini?

Haya ndo niliyoongea Jumamosi kwenye semina ya waongoza wageni na wapagazi hapa Moshi. Kuna waliorekodi na simu ila feni la ukumbini limemeza nusu ya maneno, kwahiyo nimekaa nikaandika vile vile nilivosema, nimetoa tu sehemu nilizokuwa nakohoa.

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana mambo vipi. Nimeambiwa nina dakika arobaini na tano alafu kuna pilau, kwahiyo najua kabisa macho yenu yako wapi.

Kwa wasionijua mimi ni mtu wa maabara, kazi yangu ni sampuli na mashine, lakini kabla ya hapo nilibeba mizigo misimu miwili njia ya Machame, mlima Kilimanjaro, nikitafuta ada ya chuo, kwahiyo nikisema wagumu, yani wapagazi, najisema na mimi, shingo yangu mpaka leo ikiona begi la kilo ishirini inajikunja yenyewe. Leo sijaja kuwapigia kampeni ya chanjo. Nimekuja kujibu swali la kaka mmoja yuko humu ndani, jina lake nalihifadhi, tulikutana stendi mwezi uliopita akanikamata mkono akasema "dokta" (mimi sio dokta, nimeshachoka kusahihisha), "dokta, mimi nilichanja ile ya Janssen mwezi wa nane 2021, Desemba hiyo hiyo nikapigwa na corona siku nne sitoki kitandani, mke wangu hakuchanja na tukaumwa wote, sasa ile chanjo ilikuwa ya nini?"

Gari lake likawa linaondoka nikamjibu kitu cha ovyo, nikamwambia we shukuru Mungu upo hai. Sio jibu hilo. Mtu wa afya akiulizwa swali la kweli akajibu "shukuru Mungu" ujue hana jibu au ana haraka, na mimi nilikuwa na haraka. Leo sina.

Kwanza tukubaliane kwamba kaka hakudanganya. Alichanja kweli, akaumwa kweli. Mzigo wa kwanza wa Janssen uliingia nchini tarehe 24 Julai 2021, dozi 1,058,400 kutoka Marekani kupitia COVAX, mpango wa dunia wa kugawana chanjo, tarehe 28 Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera Ikulu, ndo chanjo zikaanza kusambazwa mikoani. Kaka akapata yake Agosti. Alafu tarehe 24 Novemba Afrika Kusini wakaliarifu Shirika la Afya Duniani kwamba wameona kirusi chenye sura mpya kabisa, siku mbili baadae kikaitwa Omikroni, na kufika Krismasi kilikuwa kimezunguka dunia. Yani chanjo ya kaka ilitengenezwa kwa picha ya kirusi cha Wuhan, ile ramani yake iliyowekwa hadharani Januari 2020, na aliyekuja kumgongea mlango Desemba 2021 alikuwa mtu mwingine. Sio mtu mwingine kabisa, ni mjukuu wa yule, ila kashanyoa, kafuga ndevu na kabadili na jina.

Inakuwaje kirusi kinabadilika? Hapa watu wengi wanadhani kuna mtu maabara anakibadilisha, au kirusi kina akili kinakaa kinapanga. Hakuna akili pale. Kirusi cha corona ni kama maandishi, herufi karibu 30,000, kikiingia kwenye seli yako kazi ni moja tu, kujinakili. Sasa kumbukeni enzi za shule unamwazimisha mwenzako daftari anakili notsi usiku na koroboi, na yeye anamwazimisha mwingine, na yule mwingine, ikifika kwa mtu wa kumi "Mkwawa" ameshakuwa "Mkwaju". Makosa mengi ni ya bure tu, mengine yanakiua kirusi chenyewe. Ila wanaonakili ni mamilioni ya watu kwa wakati mmoja, lazima siku moja litokee kosa lenye bahati, kosa linalokifanya kishike seli vizuri zaidi, au kisitambuliwe na kinga. Hilo ndo linalosambaa. Yale mengine hatuyasikii hata kidogo.

Na sehemu inayoleta shida ni ile miiba ya juu, ndo ufunguo wa kuingilia kwenye seli, na ndo hiyo hiyo chanjo nyingi zinaufundisha mwili kuitambua. Omikroni ilikuja na mabadiliko zaidi ya thelathini kwenye mwiba peke yake. Askari wa getini pale Machame umempa picha ya mtu anayetafutwa, mtu mwenyewe kaja na sura nyingine, utamlaumu askari?

(Hapo mzee mmoja akasema kwa sauti "ukimpa hela anapita hata na sura ile ile", tukacheka kama dakika nzima. Naliandika maana lilisemwa.)

Sasa tuache mifano, tuangalie namba, maana nyie ni watu wa namba, mnajua mita, mnajua kilo, mnajua tipu. Kabla ya Omikroni walishapita wengine. Alfa iligundulika Uingereza mwishoni mwa 2020, Beta Afrika Kusini kipindi hicho hicho, Gamma Brazili, alafu Delta kutoka India ambayo ndo ilitutesa katikati ya 2021. Haya majina ya Kigiriki Shirika la Afya walianza kuyatumia tarehe 31 Mei 2021, sababu kabla ya hapo ilikuwa "kirusi cha Uingereza", "kirusi cha Afrika Kusini", nchi inabeba jina la ugonjwa kisa tu imekuwa na maabara nzuri.

Beta ndo ilikuwa ya kwanza kututisha watu wa maabara. Afrika Kusini walipokea dozi milioni moja za AstraZeneca Februari 2021, wakati huo huo wakawa wanamalizia utafiti kwa watu kama elfu mbili, majibu yakatoka kwamba kwa ugonjwa mwepesi na wa kati unaosababishwa na Beta ile chanjo ilikuwa haizuii kitu cha maana. Tarehe 7 wakasimamisha, zile dozi hazijaingia hata kwenye mkono mmoja, wakahamia Janssen. Mimi nakumbuka nilivosoma ile habari nilikaa chini. Nilisema basi, imeisha hiyo.

Kumbe sikusoma vizuri. Waliopimwa kwenye utafiti ule walikuwa vijana wengi, wazima, hakukuwa na wagonjwa mahututi wa kutosha kujua kama chanjo inazuia kifo au haizuii. Ilikuwa inajibu swali moja, mimi nikalichukua kama limejibu yote. Na hili ndo kosa ambalo kaka wa stendi nae kalifanya, na nusu ya dunia imelifanya, kuchanganya maswali mawili. Swali la kwanza ni je chanjo itanizuia nisiambukizwe. La pili, nikiambukizwa, itanizuia nisifike kwenye mtungi wa oksijeni. Hayo maswali hayana jibu moja, na kila kirusi kipya kilivokuja kilikula jibu la kwanza zaidi kuliko la pili.

Delta kwa mfano, Uingereza walipima, dozi mbili za Pfizer zilizuia ugonjwa wenye dalili kwa asilimia 88, wakati kwa Alfa ilikuwa karibu 94. Imeshuka kidogo. Ila dozi moja tu, ukichanganya wa Pfizer na wa AstraZeneca, ikawa inakulinda kama asilimia 31, kwa Alfa ilikuwa 49, kwahiyo Delta iliwakamata zaidi walioishia njiani. Ikaja Omikroni, hapo sasa. Huko huko Uingereza, dozi mbili za Pfizer wiki chache baada ya kuchanja zilikulinda asilimia 65 hivi usipate dalili, ikipita miezi sita inabaki asilimia 9. Tisa! Ukiongeza dozi ya tatu inapanda tena 67 alafu nayo inaanza kushuka taratibu. Kwahiyo kaka, wewe mwenye dozi moja ya Janssen, miezi minne imepita, ukakutana na Omikroni Desemba, kuumwa siku nne halikuwa jambo la kushangaza, ningeshangaa usingeumwa.

Sasa swali la pili. Hapa nataka mtoe vile vidude vyenu vya kidoleni, vya kupima oksijeni kwenye damu, najua waongoza wageni wengi mnatembea navyo.

(Wakatoa kama kumi na tano. Nikawaambia kila mtu apime na apitishe kwa jirani, ukumbi mzima ukaanza kusomana namba, 96, 97, 95, mmoja 91 akasema ni sigara.)

Nyie kuliko mtu yeyote hapa mjini mnakijua hiki kitu. Nani hapa hajawahi kukaa kambi ya Barafu saa tano usiku anaangalia kidole cha mgeni kinasoma 78 huku mgeni anasema "am fine, am fine"? Pale Barafu, mita 4,673, hiyo namba mnaielewa, hewa ni nyepesi, mnamwangalia anavotembea, anavoongea, mnaamua apande au ashushwe. Sasa fikiria mtu yuko Moshi hapa chini, mita mia nane na kitu, hajapanda hata ngazi, amelala kitandani, kidole kinasoma 72. Na anachati na simu! Tuliwaona hao 2021, wakati Delta inatamba. Mtu anapanda Kibo akiwa wodini, na wewe huna pa kumshusha. Mlimani ukimshusha mgeni mita elfu moja anafufuka, unamwona rangi inarudi. Wodini huna mita elfu za kumshusha, una mtungi, na mtungi ukiisha umeisha. Kuna hospitali moja, siitaji, nilipeleka sampuli jioni nikakuta ndugu wa mgonjwa wanabeba mtungi wenyewe mgongoni kutoka kwenye pikapu, na mmoja wao alikuwa mgumu, namfahamu, kaubeba kama anavobeba gesi ya jikoni kambini, kamba kichwani. Ile picha haijanitoka.

Na tulikuwa hatusemi jina, mnakumbuka. "Changamoto ya upumuaji". Kwenye matangazo ya misiba ilikuwa changamoto ya upumuaji kila siku, tukapiga nyungu, mimi pia nilipiga, mama yangu alinifunika blanketi na majani ya mkaratusi nikatoka nimeiva kama kuku. Siwacheki waliopiga. Nyungu inafungua pua, ila haimfundishi askari yeyote.

Sasa mnajua mgeni anavozoea mlima. Njia ya Machame siku ya tatu mnampandisha mpaka Lava Tower, mita 4,600 na kitu, kichwa kinamuuma, anatapika, anawalaani, alafu mnamshusha akalale Barranco chini ya mita elfu nne. Kwanini msimpeleke tu moja kwa moja? Kwasababu mnataka mwili wake uonje shida ukiwa na njia ya kurudi. Chanjo ndo hiyo Lava Tower. Homa ya siku moja baada ya sindano, mkono kuuma, ndo kile kichwa cha Lava Tower. Alafu kirusi cha kweli kikija mwili umeshapita pale.

Ila aliyezoea mlima haina maana hataumwa kichwa usiku wa kilele! Anaumwa. Anatapika Stella Point kama kawaida. Tofauti ni kwamba wengi wao hawashuki kwa ile machela ya tairi moja. Nasema wengi, sisemi wote, nyie wenyewe mnajua kuna mtu kazoea vizuri, namba nzuri, na bado mlima umemkataa. Kuna waliochanja wakafa, hasa wazee na wenye sukari, presha, figo. Anayekwambia chanjo haijawahi kushindwa anakudanganya kama yule anayekwambia imeshindwa kabisa.

Na kwanini inazuia kufa hata kama imeshindwa kuzuia kuumwa? Kwasababu mwili una askari wa aina zaidi ya moja. Kuna kingamwili, hao ndo wako getini na picha, kirusi kikibadili miiba wanachanganyikiwa, na pia wanapungua idadi miezi ikienda. Alafu kuna seli T, hizo hazikai getini, zinazunguka ndani, na haziangalii mwiba kwa sura ya nje, zinaangalia vipande vidogo vidogo vingi vya kirusi, kimoja kikibadilika vingine viko pale pale. Kwahiyo Omikroni ilipita getini ikiwa na sura mpya, ndani ikakutana na watu wanaoijua kwa mwendo. Ndo zile siku nne za kaka. Afrika Kusini walifuatilia watumishi wa afya waliopata dozi mbili za Janssen, kipindi cha Omikroni hiyo hiyo, mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya pili kinga dhidi ya kulazwa ilikuwa juu ya asilimia 70. Chanjo ile ile ambayo mitaani tuliiita maji.

Wewe ulikuwa na dozi moja kaka, sio mbili, sikupi namba ya wenye mbili kama yako. Na mkeo ambaye hakuchanja akapona pia, ndio, wengi wasiochanja walipona, hasa vijana, na Omikroni yenyewe haikuwa inashambulia mapafu kama Delta. Huwezi kuangalia nyumba moja yenye watu wawili ukajua chanjo inafanya kazi au haifanyi, kama vile huwezi kumpandisha mgeni mmoja bila kumzoesha akafika Uhuru alafu ukatangaza siku zote za kuzoea ni wizi wa hela za wageni.

Niseme na upande wa pili maana sitaki mje mkute mahali mseme nilificha. Janssen ilikuwa na tatizo la damu kuganda pamoja na chembe sahani (zile za kugandisha damu) kushuka, mara chache sana, lakini lipo na liliua baadhi ya watu, Mei 2022 Marekani wakaibana matumizi wakawapa watu chanjo nyingine kwanza. Hiyo ni kweli. Ile ya kwamba ukichanja unakufa baada ya miaka miwili, mimi nilichanja 2021, hesabuni wenyewe.

Kuna kitu kingine nataka mkijue kuhusu hivi virusi vinapozaliwa, kwasababu hakisemwi sana. Mtu wa kawaida anaumwa wiki mbili kirusi kinatoka, hakina muda wa kunakili makosa mengi. Lakini mtu ambaye kinga yake imeshuka sana, yuko kwenye dawa za kansa, au ana VVU na dawa hazifanyi kazi au hapati, kirusi kinaweza kukaa ndani miezi. Afrika Kusini waliandika kuhusu mgonjwa mmoja aliyekaa na corona siku 216, wakawa wanapima, ndani ya mwili mmoja kirusi kilibeba mabadiliko zaidi ya thelathini, mengine yakiwa yale yale tunayoyaona kwenye virusi vinavyotisha. Wanasayansi wengi wanadhani hivi vyenye mabadiliko mengi kwa mpigo vinatoka kwenye hali kama hiyo. Sasa msitoke hapa mkaanza kunyoosheana vidole, sijasema hivyo na nitakasirika. Ninachosema ni kwamba mtu anayekunywa ARV zake vizuri kila siku kinga yake inarudi, na anafanya kazi ya kuzuia virusi vipya vya corona kuliko hata mimi na maabara yangu. Kama kwenye timu yako kuna mgumu anajificha kunywa dawa kambini kwa kuogopa kuchekwa, hilo ni tatizo la wewe unayecheka.

Na mkumbuke Omikroni ilivotugusa mfukoni. Afrika Kusini na Botswana walikuwa waungwana, walikiona wakatangaza, malipo yao ndege zikafungwa ndani ya siku mbili. Baadae Uholanzi wakapima tena sampuli zao za tarehe 19 na 23 Novemba wakakuta kilikuwa kimeshafika kwao kabla ya tangazo. Sisi hatukuwa kwenye ile orodha ya kwanza Uingereza iliyofungia, lakini mgeni wa Ulaya akisikia "Afrika" anaona nchi moja, nyie mlioghairiwa safari za Desemba ile mnajua ninachosema. Hata sisi tulishawahi kutajwa, mwanzoni mwa 2021 Angola walipima wasafiri watatu waliotoka Tanzania wakakuta kirusi chenye mabadiliko mengi mno, kikaandikwa mpaka kwenye majarida. Hakikusambaa duniani, kilizimika. Ila kilipatikana kwasababu Angola walipima. Sisi tulikuwa tumeacha hata kutoa takwimu tangu tuliposema wagonjwa 509 na vifo 21 mwaka 2020. Nilikuwa maabara kipindi hicho, naomba niishie hapo.

Leo? Shirika la Afya waliondoa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023, ila kirusi hakikusoma lile tangazo. Vinavyozunguka ni watoto na wajukuu wa Omikroni, mmoja wao anaitwa JN.1 alitawala kuanzia mwisho wa 2023, na 2024 wakashauri chanjo mpya zitengenezwe kwa picha ya JN.1 badala ya ile ya XBB.1.5, mtoto mwingine wa Omikroni, iliyotumika 2023. Picha ya getini imebadilishwa, ndo hivyo tu. Wengi wetu tumeshachanja au tumeshaumwa au vyote, kwahiyo kwa kijana mzima ni mafua yanayokera. Kwa mpishi wako mwenye miaka 58 na sukari sio mafua.

Na hapo ndo naishia, kwenye hema la kulia. Wageni kumi, zipu imefungwa, saa mbili usiku, mmoja anakohoa tangu Shira, mnasema ni vumbi. Hema la wagumu nalo watu wanane wamebanana kama dagaa. Kirusi hata kibadilike vipi, kiitwe herufi gani, njia yake ni hewa ya ndani isiyotembea. Fungueni zipu ya juu pande mbili wakati wa chakula, anayekohoa avae barakoa, na mpimeni kidole asubuhi na jioni, namba ikishuka kuliko wenzake wa kambi hiyo hiyo msisubiri mjadala, mshusheni.

Mpishi mmoja akanyoosha mkono akasema zipu ikifunguliwa supu inapoa kabla mgeni hajakaa. Nikamwambia ndio, itapoa. Akasema basi we ndo utakuja kuwaelezea. Nikamwambia niwekeeni nafasi msimu wa Juni, ila begi sibebi.